Maji ya Jezi

Jumatatu asubuhi, kama kila Jumatatu, Shangazi alipanga mabeseni yake nyuma ya kiwanda cha sabuni, akaloweka jezi kwa mpangilio wa namba, kuanzia ya kipa. Alifua za timu ya kiwanda chake na za mahasimu wao wa ukuta wa pili, kiwanda cha magodoro, ambao hawakuwa na mfuaji. Magodoro walikuwa wameifunga Sabuni miaka sita mfululizo. Jana yake walikuwa wameitandika tatu bila, na marudiano yalikuwa Jumamosi.

Jezi ikilowa vizuri, mechi iliyochezwa nayo, na kila ilikopita siku hiyo, huonekana ndani ya maji. Ilikuwa hivyo tangu Shangazi aajiriwe, naye aliitazama huku anasugua, kama wengine wanavyosikiliza redio. Wiki hiyo kocha wa Sabuni alikuja na kigoda chake.

"Shangazi, nionyeshe kipa wao."

"Nitapata nini?"

"Unataka nini?"

"Kukaa benchini. Miaka kumi na miwili nafua, sijawahi kuona mpira mkavu."

"Nafasi yako ipo. Haki ya Mungu."

Katika beseni la kwanza, kipa wa Magodoro alifumba macho kila shuti lilipokwenda kushoto kwake. Katika la tatu, beki wao aliinama kila mara kuvuta soksi. Kocha akaandika kiganjani. Beseni la mwisho lilikuwa na shati la mwamuzi, ambaye naye alifuliwa hapohapo. Mwamuzi alionekana ofisini kwa meneja wa Magodoro, filimbi ingali shingoni, akirukaruka kwa makalio juu ya godoro jipya.

"Sita kwa sita," alisema kocha.

"Ndiyo zile penalti mbili walizopewa Jumapili," alisema Shangazi. "Huyu niachie mimi."

Akalitia shati wanga mara nne, akalipiga pasi mikono ikiwa imenyooka kuelekea chini.

Jumamosi mlinzi wa geti alimwambia Shangazi kwamba benchi limejaa. Kocha ndiye aliyesema. Akabaki nje ya ukuta, akisikiliza.

Kipindi cha pili, winga wa Sabuni alimpita beki aliyekuwa kwenye soksi yake, akapiga kushoto kwa kipa. Bao. Dakika ya themanini mshambuliaji wa Magodoro alijiangusha. Mwamuzi alipuliza filimbi, akataka kuonyesha penalti, mkono ukagoma. Akajaribu wa pili. Wachezaji walimsubiri kwa adabu, kisha wakaendelea kucheza. Ikaisha moja bila, na mwamuzi, kwa kuonekana hapendelei, akapangiwa mechi za msimu mzima uliofuata.

Jumatatu Shangazi aliloweka koti la kocha. Ndani ya maji, kocha alibebwa juujuu, akawaambia waandishi kwamba mbinu zote zilitoka kichwani mwake. Nyuma yake benchi lilionekana lote. Kwenye kiti cha mwisho, dakika zote tisini, alikuwa ameweka mfuko wa nguo chafu.

Ilimuuma Shangazi, ikamuuma kuliko mgongo. Akalisugua koti, akalianika.

Jioni kocha alileta mfuko uleule.

"Shangazi, Jumamosi tunacheza na Viberiti. Nafasi yako benchini ipo."

"Najua," alisema Shangazi. "Nimeiona."

Kocha alipoondoka, Shangazi aliitafuta suruali ya kocha ndani ya mfuko, kisha akaenda stoo kuuliza kama wanga umebaki.