Kura ya Pili

Simu ya Mwalimu ililia wakati wa chakula, na mumewe, Seremala, akaacha kutafuna. Hakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Mkewe alikuwa ameshainuka, sahani ameiacha nusu, na sauti ameilainisha kwa namna ambayo Seremala hakuwa ameisikia tangu enzi za uchumba wao.

"Usiniangushe, tafadhali," Mwalimu alikuwa akisema barazani. "Wengine wote nimeshamalizana nao. Nakutegemea wewe tu." Kisha akacheka, tena kicheko kirefu, cha mtu aliyesahau kwamba ndani kuna mwanamume anakula peke yake.

Aliyepiga ni makamu mwenyekiti wa tume ya mipango ya jiji. Seremala alikuwa amempachika jina la Tai, kwanza kwa sababu ya zile tai za hariri alizozifunga hata siku za mapumziko, na pili kwa sababu ya yule ndege anayezungukazunguka juu ya vya watu akingoja. Jina hilo alilitumia kimoyomoyo. Mbele za watu alimwita Mheshimiwa, na Tai akamwita yeye shemeji, neno lililomkera kuliko tusi. Shemeji kwa upande gani? Huyo bwana hakuzaliwa tumbo moja na Mwalimu, wala hakuwapo siku ya mahari.

Mambo yalianza Mwalimu alipostaafu na kuteuliwa kuwa mwenyekiti wa tume hiyo. Kazi ya tume ni kusema wapi pajengwe nini: hapa nyumba za kuishi, pale maduka, kule viwanda. Mtu akitaka kubadilisha matumizi ya kiwanja chake hupeleka maombi, majirani huitwa wakasikilizwa, kisha wajumbe hupiga kura. Kazi ya maana, Seremala hakukataa. Ila sasa mkewe alirudi nyumbani na maneno mapya mdomoni, matumizi mseto, eneo la wazi, na maneno hayo alikuwa akiyafurahia na mwanamume mwingine. Siku za ukaguzi walikwenda pamoja viwanjani. Mara moja Seremala alipita ofisini kwao kumpelekea mkewe mwavuli, akaona viatu vya Tai vina udongo mwekundu. Jioni alivigeuza viatu vya mkewe. Udongo ulikuwa ule ule! Hakulala vizuri kwa wiki nzima, kana kwamba watu waliokanyaga kiwanja kimoja wangetoka na udongo wa rangi mbili.

Wakati huo mezani kwa tume kulikuwa na shauri la uwanja ulio kando ya shule ya msingi, shule ambayo Mwalimu alifundisha karibu maisha yake yote. Tajiri mmoja wa maghala alikuwa ameununua, akaomba ubadilishwe kutoka eneo la wazi uwe eneo la maghala. "Uwanja ule ukienda, watoto watachezea barabarani, kwenye magari," Mwalimu alisema asubuhi na jioni. Tangu walipojenga nyumba yao hakuwahi kukitaka kitu namna ile. Seremala alilijua hilo fika, na ndiyo maana kilichofuata hakina kisingizio.

Asubuhi ya kikao alimuuliza, kama mtu asiye na neno, "Vipi, Mama Watoto, leo nije nikusikilize?"

Mwalimu aliacha kufunga kitambaa kichwani. "Usije, Baba Watoto. Ukiingia wewe mle, mimi kazi yangu siwezi kuifanya."

Maneno hayo yalikuwa na maana yake, nayo ilikuwa kavu na ya kisheria. Lakini kwenye sikio la mwenye wivu hakuna neno linaloingia likiwa zima. Mwalimu alipotoka tu, Seremala alifunga karakana, akavaa shati lake la harusi za watu, akamfuata.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele, jukwaani, palikuwa na meza ndefu, na nyuma yake ramani kubwa ya jiji iliyopakwa rangi: njano za nyumba, nyekundu za maduka, zambarau za viwanda, na kijani kidogo kilichobaki cha maeneo ya wazi. Wajumbe saba walikaa chini ya ramani hiyo. Mwalimu alikuwa katikati, na Tai, bila shaka, ubavuni kwake. Viti vya wananchi vilipangwa mafungu mawili, na mlangoni karani alikuwa akielekeza watu: "Wanaounga mkono kulia. Wanaopinga kushoto. Watazamaji nyuma kabisa."

Seremala alisikia vizuri, masikio yake hayakuwa na kasoro. Lakini huko nyuma kulikuwa na nguzo iliyoziba jukwaa, na yeye hakuja kutazama nguzo. Kutoka upande wa kushoto, safu ya mbele, mtu aliweza kuona mpaka miguu chini ya meza. Akaenda akakaa hapo.

Mwalimu alipomwona, macho yalimtoka. Akatikisa kichwa kidogo, kisha akamwinamia Tai na kumnong'oneza. Tai akafunika kipaza sauti kwa kiganja. Haya, wamefumaniwa, Seremala alijiambia, sasa wanapanga uongo.

Tajiri alizungumza, akataja ajira. Mkuu wa shule akazungumza, akataja watoto. Kisha karani akashika kipaza sauti, akaipitia safu ya wapinzani, kila mmoja akisimama na kutoa sababu yake, mpaka akamfikia Seremala.

"Na wewe, mzee?"

Hapo angesema kwamba yeye ni mtazamaji, mambo yakaisha. Mwalimu alikuwa akimtazama na kutikisa kichwa kwa nguvu, kama aliyekuwa akimkataza mtoto kugusa jiko. Na dakika hiyo hiyo Tai, kwa upole wake wa kuudhi, akachukua chupa ya maji akammiminia Mwalimu glasi. Ni yale maji yaliyomaliza kila kitu.

"Napinga!" Seremala aliruka wima. "Napinga jinsi mambo yanavyokwenda hapo mbele! Yamezidi! Kila mtu abaki na chake!"

Safu nzima ya kushoto ikampigia makofi, maana hawakuwa wamesikia mtu aliyeutetea uwanja kwa uchungu namna ile. Lakini wakili wa tajiri alikuwa ameshasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, tungependa kumfahamu mzee huyu."

"Ni mume wangu," Mwalimu alijibu mwenyewe. "Na kanuni naijua, kwa sababu ndiyo ninayoisoma kila tunapofungua kikao. Mjumbe ambaye mwenzi wake ametoa hoja katika shauri, hakai kwenye shauri hilo na hapigi kura. Natoka."

"Nafuta!" Seremala alipaza sauti. "Jamani, nafuta maneno yangu!"

"Pingamizi likishasemwa limesemwa, mzee," karani alimwambia. "Kaa."

Mwalimu alimsogezea Tai nyundo ya mwenyekiti, akakusanya miwani yake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Alipita karibu kabisa na mumewe na hakumtazama.

Wajumbe sita waliobaki walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Watatu walitaka maghala. Watatu walikataa, na mmoja wa hao waliokataa alikuwa Tai. Seremala alipigwa na butwaa. Kura zilikuwa zimelingana, na kanuni ilisema zikilingana, anayeongoza kikao anapiga ya pili, ya kuamua.

Tai alirekebisha tai yake. Alionekana mtu aliyechoka.

"Ndugu wananchi, niseme ukweli. Tangu mwanzo mimi niliona jiji hili linahitaji maghala kuliko uwanja. Mwenyekiti amenibembeleza miezi mitatu. Kanipigia simu, kanipeleka uwanjani mara sijui ngapi, kanionyesha watoto. Mwisho nikamwahidi kura yangu. Nimeshaitoa, mmeiona. Angekuwapo, zingekuwa nne kwa tatu na shauri limekwisha. Lakini hii ya pili sikumwahidi mtu. Hii ni ya dhamiri yangu." Akanyanyua nyundo. "Maombi yamekubaliwa."

Nyundo ilipogonga, tajiri alikumbatiana na wakili wake. Mkuu wa shule alibaki ameshika kichwa.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ukumbi, mkoba mapajani. Makelele ya furaha ya watu wa tajiri yalitosha kumpa habari. Tai alipotoka alisimama mbele yake.

"Pole, Mwalimu. Ahadi yangu niliitimiza."

"Najua. Asante."

"Shemeji," Tai akamsalimu Seremala kwa heshima ile ile ya siku zote, akaenda zake.

Walibaki wawili. Seremala alitafuta pa kuweka mikono, akakosa.

"Ulikuwa unapinga nini?" Mwalimu aliuliza. Hakufoka. Aliuliza kama alivyozoea kumuuliza mwanafunzi aliyekosea hesabu, akitaka kweli kujua.

"Wewe na yeye," alisema Seremala, na aibu ikamshuka mpaka miguuni.

Mwalimu aliufunga mkoba wake. "Hilo ungelileta nyumbani," alisema. "Nyumbani ningekuwepo kukusikiliza."

Jioni walikaa kula. Simu ilikuwa mezani kati yao, karibu na bakuli la chumvi. Kwa miezi mitatu Seremala alikuwa ameomba iache kulia, na sasa iliacha. Mwalimu alimaliza chakula chake chote, akakunja kitambaa cha mikono, akaenda kulala mapema. Seremala alibaki pale peke yake, akiitazama ile simu na kuisihi ilie.