Mstari wa Kituo cha Kupumzika

Jumanne ya kwanza ya Septemba, mwaka 1995, mume wangu Willis Omolo alivaa kiatu kimoja tu. Cha pili kilibaki chini ya kiti. Nilikuwa jikoni nikichuja chai nikamsikia akiita, "Mama Apondi," polepole, kama mtu anayetaka kuongezewa sukari. Nilipofika alikuwa ameegemea ukuta, kamba ya kiatu ingali mkononi. Jirani yetu Truphena alikimbia nyumba kwa nyumba hapa Makongeni akitafuta mwenye gari. Gari lilipopatikana halikuwa na kazi tena.

Majirani waliomlaza walinipa vitu vilivyokuwa kwenye mfuko wa shati lake: kitambulisho, penseli na kipande cha raba ya kufutia. Raba ile niliiona, sikuifikiria.

Willis alikuwa karani katika ofisi ya reli. Kazi yake ilikuwa kuwajazia wenzake pasi za likizo. Mfanyakazi alikuwa akipewa safari moja ya bure kwa mwaka, yeye na jamaa yake, kwenda kwao kwa treni na kurudi. Njiani aliruhusiwa kushuka kwenye stesheni moja na kukaa siku tatu, mradi jina la stesheni hiyo liwe limeandikwa kwenye fomu, katika mstari wa kituo cha kupumzika. Liliandikwa kwa wino, kisha fomu ikapigwa muhuri. Miaka ishirini na miwili Willis aliwaandikia watu mstari huo. Sisi wenyewe hatukushuka popote. Kila mwaka tulipanda Nairobi jioni, tukafika Kisumu asubuhi na sabuni na sukari za mama yake.

Mwezi wa sita daktari alimwambia moyo wake umechoka. Alirudi nyumbani akakaa bila kuvua koti.

"Mwaka huu tutashuka njiani," aliniambia. "Siku mbili. Bila magari, bila mizigo ya watu. Tutembee na miguu yetu, tukichoka tukae."

Stesheni zilizotufaa zilikuwa mbili, nazo zinafuatana. Kwanza ni Longonot, chini ya mlima. Kisha Naivasha, na ziwa lake.

"Longonot," akasema. "Wewe ni mtu wa milima ya Mbooni. Ukiona mlima utafurahi."

"Na moyo wako huo utapanda mlima?"

"Nani amesema nitapanda? Nitakaa chini niutazame."

"Naivasha basi. Wewe umekulia ziwani."

"Mjaluo mzima apande treni kwenda kutazama ziwa! Watanicheka mpaka kwetu Seme."

"Wacha wakucheke. Ni afadhali kuliko kubebwa ukishushwa mlimani."

Akacheka, akaandika Naivasha kwa penseli. Kesho yake jioni akatoa raba. Alisema aliniona uso usiku kucha, sikuwa na furaha. Akaandika Longonot. Siku chache baadaye nilimwona akipanda ule mteremko mdogo wa kutoka dukani, akisimama mara mbili kushika kiuno. Nikamwambia afute, aandike Naivasha. Akafuta.

Tuliendelea hivyo Julai yote na Agosti. Akisema ziwa, nilijua anasema kwa sababu mimi nimesema. Nikisema mlima, alidhani nimemwonea huruma. Hakuna kati yetu aliyesema neno jepesi kwamba mimi nataka hapa, kwa ajili yangu. Tulidhani huo ndio upendo, na labda ulikuwa. Lakini ndiyo sababu mpaka leo sijui yeye alitaka wapi.

Binti yetu Apondi, aliyekuwa kidato cha tatu, alichoka nasi. "Buda na mathee, si mrushe tu sarafu ya kobole mjue? Mtazeeka hapo mezani."

"Hii ni fomu ya serikali," baba yake akamjibu. "Si kamari yenu ya mtaani."

Hata Muthama, aliyekaa meza moja naye ofisini, alimtania. Muthama ni Mkamba kama mimi, na tangu Willis anioe alikuwa akimwita shemeji. Siku moja alikuja kutusalimu akaiona ile fomu mezani. "Shemeji, umewaandikia watu stesheni mpaka mkono ukapinda. Yako peke yake ndiyo imekushinda?"

"Ngoja," Willis akasema. "Jumanne naingia na kalamu ya wino. Litakaloandikwa ndilo."

Ilikuwa Jumanne ile ya kiatu kimoja.

Willis hakupenda safari za barabara. Alizoea kusema kwamba mtu wa reli akipanda basi amewatukana wenzake. Tulimpeleka Seme kwa pikapu. Kaka zake walikuwa wamekwisha kuikodi, na mimi sikuulizwa, na hata ningeulizwa nisingejua la kusema. Tulipofika juu ya bonde, dereva alisimama ili akaze kamba za jeneza. Nilishuka. Kulikuwa kumekucha na ukungu umeondoka. Chini yetu nikauona mlima, na mbele yake kidogo ziwa, vyote viwili kwa pamoja, karibu hivi kwamba kiganja kimoja kingevifunika. Nilisimama ubavuni mwa gari, mkono wangu juu ya jeneza. Nilingoja. Sijui nilingoja nini.

"Mama, twende," dereva akasema. "Tumekaza."

Hatukukaa pale hata dakika kumi.

Oktoba, baada ya kurudi, Muthama alikuja na fomu ile ya Willis, iliyokuwa imebaki mezani kwake ofisini. Aliiweka mezani akatoa kofia.

"Dada Wavinya, pasi ni ya mfanyakazi. Mfanyakazi akienda, nayo imeenda. Lakini hii yeye mwenyewe na mkubwa walikuwa wameisaini mapema, na mkubwa amekubali muitumie wewe na Apondi mpaka tarehe thelathini na moja. Ni yeye tu aliyesema hivyo, na ni kwa mdomo, kwa hivyo tusichelewe. Kitu kimoja: huu mstari hauwezi kupita ukiwa wazi. Niambie jina nijaze."

Nikamuuliza, "Ofisini alikuwa anakwambia wapi?"

"Jumatatu, ile ya mwisho, alisema Longonot."

"Saa ngapi?"

"Kama saa nane." Muthama akatazama kofia yake. "Saa kumi nikamwona ameshika raba."

Nilimwomba aniachie fomu. Apondi alipokwenda shule niliipeleka dirishani, nikaigeuza huku na huku, nikitafuta jina lililokandamizwa zaidi. Mstari ulikuwa wa kijivu, wenye manyoya kama kitambaa kilichofuliwa sana. Niliona L. Niliona N juu ya L. Siku nyingine niliona L juu ya N. Nilikumbuka kila mazungumzo tuliyofanya, sauti yake, alivyoshika kikombe, na kila kumbukumbu ilijibu pande zote mbili. Muthama alipita mara ya pili na ya tatu. Kila mara nilimpa chai, akainywa, akaenda.

"Mathee," Apondi akaniambia Jumapili moja, safari hii bila utani, "thelathini na moja ni keshokutwa. Mimi popote ni sawa. Nataka tu tushuke mahali alisema tutashuka."

Jumatatu nilikwenda kwa miguu mpaka ofisini, nimevaa kitambaa cha matanga. Meza ya Willis ilikuwa na mafaili ya mtu mwingine. Muthama alinivutia kiti, akafungua kalamu, akaiweka fomu juu ya daftari.

"Haya, dada."

"Longonot," nikasema. Lilikuwa jina la kwanza alilolitaja mwezi wa sita. Sikuwa na sababu nyingine.

Akaandika L, vizuri, kwa mwandiko wa ofisi. Wino ukaanza kutanuka kama umemwagikia pamba. Alipoanza O ncha ya kalamu ikazama. Alijaribu kuinua mkono, karatasi ikapanda nao, ikapasuka mstari wote mpaka kwenye ukingo. Akaiinua. Katika mpasuko niliona tai ya Muthama.

Akaiweka chini, akafunga kalamu.

"Shemeji aliifuta sana," Muthama akasema.

Aliichukua akaingia kwa mkubwa. Nilisikia sauti ya Muthama ikiomba, kisha ikiomba tena. Alipotoka nilijua kabla hajaketi. Fomu iliyopasuka haipigwi muhuri. Fomu mpya lazima isainiwe na mwenye pasi. Akaikunja mara mbili, akanipa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mwenzake kitu kizima.

Apondi alikuwa mlangoni nilipofika. Alinipokea mkoba, akaiona karatasi, akaenda kuwasha jiko.

Fomu iko ndani ya Biblia ya Willis ya Kijaluo. Nyumba hii ya Makongeni ni ya mfanyakazi wa reli. Ufunguo ninaurudisha tarehe thelathini Novemba, na mimi na Apondi tunahamia Kaloleni, kwa dada yangu Kathini.