Kitinda Ameonekana

Siku Kitinda alipotumwa dukani asirudi, alikuwa bado mwanafunzi. Walimtafuta hadi wakachoka. Baba yake alikufa kwa kihoro, lakini mama hakukubali watu wakae matanga ya binti yake. "Msiba wa nani?" aliwauliza ndugu. "Mimi sijaona maiti."

Dada yake mkubwa akaja kuwa mtaalamu wa anga. Kazi yake ilikuwa kulinganisha picha za darubini, akitafuta nukta iliyosogea huku nyota zimetulia. Akaipata moja: asteroidi, jabali linalolizunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Njia yake ilipojulikana barabara, yeye, mvumbuzi wake, akaombwa apendekeze jina. Likamtoka kabla hajafikiri: Kitinda.

Jina likapitishwa. Kumwambia mama, ulimi ukawa mzito. Kazini nako wenzake wakazoea kumtaja kama mtu. "Kitinda kajificha nyuma ya jua," Miwani, mwenzake wa meza ya pili, alimtania. Dada alicheka nao, kisha akaenda msalani kunawa uso.

Asubuhi moja alisahau simu nyumbani. Kabla hajafika kazini ikaita, mama akapokea.

"Dada, furahi," alisema Miwani bila hata salamu. "Kitinda ameonekana."

Simu ikakatika.

Binti mkubwa aliporudi jioni alikuta godoro la mdogo wake limeanikwa uani, chumba kimedekiwa, sakafu bado mbichi. Mama alikuwa ameketi mlangoni na gauni lake la kutokea, macho barabarani.

"Wamemwona wapi, mwanangu? Ana afya?"

Binti akakaa chini, akaeleza yote. Mama alisikiliza bila kupepesa macho.

"Umeliita jiwe jina la mwanangu."

"Nisamehe, mama. Nilitaka litajwe. Humu ndani hatulitaji."

"Kafute."

"Halifutiki. Maji yameshamwagika."

Mama aliingia ndani, akajifungia. Kupitia mlango binti alimsikia akizungumza kwa sauti ya chini, akinyamaza kidogo, kisha akiendelea, kama anayejibiwa. Hakuthubutu kubisha.

Kesho yake mama alitaka kuonyeshwa. Binti akafungua picha kwenye kompyuta, akamwekea kidole kwenye nukta hafifu kuliko zote.

"Yuko peke yake huko?"

"Mawe ni mengi, mama. Ila kila moja liko mbali na mwenziwe."

"Na giza."

"Jua linamfikia. Kidogo."

Mama aliitazama ile nukta mpaka skrini ikajizima yenyewe. Binti aliiwasha, ikajizima tena, akaiwasha. Hatimaye mama akainuka, akatoka uani, akalirudisha godoro chumbani na kulitandika shuka safi.

"Huyo Miwani," alisema akiwa amempa mgongo, "mpe namba yangu. Akimwona tena, asikupigie wewe. Anipigie mimi."