Manyoya ya Watiri

Jumamosi asubuhi Watiri alikuwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, nyuma ya nyumba ya marehemu baba yake kule Tetu, akiwachambua vifaranga wa jirani yake Anita, kutenga majike na majogoo. Walikuwa kumi na wanne, wa wiki tisa. Kabla ya wiki ya nane Watiri hakumwambia mtu lolote, hata abembelezwe vipi. Alimshika kila kifaranga chini ya kifua, akatazama kama upanga, ile nyama ya kichwani, umeanza kuiva. Akapima unene wa miguu kwa vidole viwili. Mwisho akapuliza manyoya ya mgongoni, karibu na mkia. Yakiwa na ncha za mviringo, huyo ni wa kike. Yakiwa yamechongoka, ni jogoo.

"Saba kwa saba," alisema, akimrudisha wa mwisho kwenye kikapu.

"Hata huyu mpole?" aliuliza Anita.

"Huyo mpole ndiye jogoo kabisa. Ngoja tu."

Anita alikuwa akifunga kikapu kwa kamba ya katani. Alisita, akaangalia shingo ya Watiri.

"Uko na manyoya hapa nyuma."

"Yalianza Jumanne."

Anita alivuta kola ya blauzi, akapuliza. "Yamechongoka, Watiri. Wewe ni jogoo."

"Nimejiona kwa kioo. Na upanga iko hapa chini ya kitambaa."

"Basi si ndiyo vizuri? Waonyeshe ndugu zako leo. Si walikuwa wanasema ati shida ni vile wewe ni msichana?"

"Niliomba na kufunga siku tatu," alisema Watiri. "Naona hili ndilo jibu."

Baba yao, mzee Theuri, alikuwa amefariki mwezi wa tatu bila kuandika wosia, akaacha eka tatu za majani chai. Mwai, mwanawe mkubwa, alikuwa na duka la mabati na misumari Ruring'u. Mugo, wa pili, alilima mpunga Mwea. Watiri hakuwahi kuolewa. Kwa miaka tisa alimgeuza baba yake kitandani asubuhi na jioni, akamwosha vidonda, akamlisha uji kwa kijiko. Hakutaka eka tatu. Alitaka robo eka, pale penye chumba chake na banda la kuku, asije akahamishwa uzeeni kama gunia.

Ndugu zake walifika saa saba pamoja na Mzee Moffat, mzee wa kanisa aliyesifika kwa kugawa mashamba ya watu bila ugomvi. Alibeba faili, kamba ndefu, na mfuko wa viazi vya itoka, yale maua yanayopandwa mpakani. Watiri alikuwa amewachinjia kuku wawili. Mzee Moffat aliomba kwa muda mrefu, mkono mmoja ukiwa umeinuliwa mbinguni na mwingine ukiwa juu ya bakuli la nyama, akimshukuru Mungu kwa familia yenye umoja.

Kisha walikula. Mugo alivunja mifupa kwa meno ya nyuma, akafyonza, akairudisha kwenye bakuli la pamoja. Mwai alijifuta mdomo kwa pembe ya kitambaa cha meza, kile alichokifuma mama yao. Mzee Moffat alichokonoa meno kwa ukucha wa kidole kidogo, akatazama alichokipata, akakila. Watiri alikuwa bado hajala. Alisimama karibu na mlango akiwa na birika la maji ya kunawa, na hakuna aliyeyaomba.

"Watiri," alisema Mwai, "unajua vile tunakupenda. Lakini shamba ni ya wanaume. Ungekuwa kijana, hata hatungekuwa tunaongea hivi. Weka sahihi hapa tumalize."

Watiri aliweka birika chini, akavua kitambaa. Upanga ulisimama katikati ya kichwa, mwekundu, wenye meno matano. Hakuna aliyeacha kutafuna.

"Ilianza lini?" aliuliza Mzee Moffat.

"Jumanne."

"Hebu tuangalie vizuri, tusije tukanyima mtu haki yake."

Wakainuka. Mugo alimshika shingo kwa vidole vilevile vilivyotoka kwenye supu, akayatawanya manyoya, akapuliza. Pumzi yake ilinuka kitunguu na uboho. Mwai aliuinua upindo wa sketi ya dada yake kwa ncha ya kiatu, akaangalia juu ya visigino, ambapo kucha mbili ngumu zilikuwa zimechomoza. Mzee Moffat aliuvuta upanga kidogo, kama mtu anayepima kitambaa sokoni. Watiri alifumba macho, akamwomba Mungu ampe uvumilivu. Mafuta yalimchuruzika hadi mgongoni.

"Yamechongoka," alisema Mugo.

"Na kucha ziko," alisema Mwai.

"Basi ni jogoo. Hakuna ubishi." Mzee Moffat aliketi, akaandika. Watiri alifumbua macho. Kupitia dirishani aliliona banda lake, akaanza kufikiria mahali pa kupanda sukuma wiki.

"Sasa nikuulize," alisema Mwai, "wewe ndiye unajua kuku hapa. Boma ikiwa na jogoo wawili tayari, yule wa tatu huwa mnamfanyia nini?"

Watiri alikuwa amewajibu majirani swali hilo miaka yote, wala hakuwahi kudanganya.

"Huondolewa," alisema.

"Umesema mwenyewe," alisema Mwai, kwa upole.

"Na mimi sijasema utoke leo leo," Mugo aliongeza. "Hata mwisho wa mwezi ni sawa."

"Baba nilimwosha mimi," alisema Watiri. "Mlikuwa mnakuja Krismasi, mnasimama mlangoni mmeziba pua."

"Hiyo Mungu ameona," alisema Mzee Moffat. "Atakulipa."

Alifungua faili. Karatasi ilikuwa imechapwa mapema, ikisema binti wa marehemu ameachilia sehemu yake. Mzee Moffat alikuwa mtu makini. Alikata neno "binti" kwa rula, akaandika juu yake "mwana wa kiume," akaweka herufi za kwanza za jina lake pembeni, akasukuma kalamu mezani. Watiri hakuishika. Mzee alingoja kidogo, kisha akaandika mahali pa sahihi kwamba mhusika alikuwepo. Akawaombea wana watatu wa Theuri, akiwataja mmoja mmoja kwa majina, na wawili wakaitikia amina.

Walipokuwa wakitoka na kamba, Mugo aligeuka mlangoni.

"Ndugu yangu," alisema, "hivyo vyombo usiviache hivyo. Mzee atakunywa chai tukimaliza."

Mafuta yalikuwa yameanza kuganda kwenye sahani, meupe, yakizunguka mifupa iliyofyonzwa. Watiri alizibeba jikoni zote kwa mara moja. Alipasha maji, akaosha kwa sabuni, akaosha tena. Kisha akavua blauzi, akaosha manyoya ya shingoni, lakini harufu ya mikono yao haikutoka. Nje, Mwai alishika kamba upande wa juu na Mugo upande wa chini, ikapita katikati ya banda. Mzee Moffat alifuata nyuma yao akipanda itoka, akiimba pambio kwa sauti ya chini, na mstari ulinyooka vizuri sana.