Pale Fundi Alipokuwa Akinyamaza

Mume wangu alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, na mtandaoni walimwita Fundi Polepole. Jina hilo alipewa na watu wasiowahi kumwona. Walikuwa na jukwaa lao, mafundi wa huku na kule, kila mmoja na jina lake la utani: Sindano Butu, Mama Bobini, Mkanda Legevu. Mtu akikwama anaandika shida yake, wenzake wanamjibu wakipata nafasi, na hakuna aliyenuna kwa kucheleweshwa. Kabla ya habari za mashine waliulizana habari za nyumbani.

Simu zilipoanza kurekodi vizuri, mume wangu akaacha kuandika. Anaegemeza simu kwenye kopo la mafuta, anafungua cherehani, anaeleza. Video zake zilikuwa ndefu jamani. Skrubu inaanguka, ananyamaza, anaitafuta chini ya meza. Anakohoa. Ananiita, "Mwenzangu, njoo unitungie uzi, wewe macho yako bado yana adabu."

Namjibu kutoka chumbani, "Ya kwako yamekukosea nini?"

"Yamezoea kukutazama wewe, kazi nyingine yanagoma."

Wale mafundi walicheka, wakaniita shemeji. Alipofariki waliandika rambirambi nyingi, nami nikazisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari. Nikamshukuru Mungu kwa watu wale.

Lakini walikuwa wameanza kutawanyika. Huyu kahamia kwenye makundi ya simu, yule kwenye video fupi. Mwisho Sindano Butu aliuliza swali, likakaa pale bila jibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Mwenye jukwaa akatangaza kwamba analifunga, kila mtu achukue kilicho chake.

Nikamwambia kitinda mimba wangu, ambaye huuza nguo kwa kuzirekodi na kuzionyesha mtandaoni, "Mwanangu, nitunzie video za baba yako kabla hawajafunga. Nataka niwe namsikia. Kingine sitaki."

"Ondoa shaka, mama. Hiyo kazi ndogo."

Jukwaa lilishafungwa alipokuja. Nilikuwa nimetoka kusali, nafuta vumbi kwenye meza ya kazi. Aliingia anacheka.

"Mama, mzee anavuma. Watu wanamgombania."

Akanipa simu. Niliiona mikono ya mume wangu, nikakaa. Skrubu ilikuwa mezani, mara imeshakazwa. Sauti yake ilikimbia, na chini yake kulikuwa na ngoma. Legeza hapa. Kaza hapa. Tayari. Ikaisha kabla sijaiweka miwani yangu sawa.

"Mbona anakimbia?"

"Hakimbii, mama. Nimetoa pale pasipo na kitu. Siku hizi ukimsubirisha mtu kidogo tu, anapita zake."

"Na pale alipokuwa akiniita?"

"Pale..." Akaitazama simu. "Yale hayakuwa ya cherehani, mama."

"Zile ndefu ziko wapi?"

Binti yangu huyu ana mdomo, hata akiwa usingizini anajibizana. Nilipoona amenyamaza, nilijua.

"Simu ilijaa," alisema. "Kila nikimaliza kukata nilikuwa nafuta. Ndivyo ninavyofanya na za nguo. Sikufikiri, mama."

Tulisoma maoni pamoja. Mmoja alisema mzee ana mikono myepesi. Wengi waliuliza ule wimbo unaitwaje. Hakuna aliyeuliza yeye ni nani, wala kama yupo.

Binti alihangaika. Akamtafuta Sindano Butu huko alikohamia, akampata, naye akatuma ujumbe wa sauti. Kumbe ni mzee, anaongea kwa kuhema. "Shemeji, pole. Mimi nilikuwa nazirudia kila nikikosa usingizi. Sikuhifadhi hata moja. Nilijua zipo tu pale."

Binti akaweka kichwa mapajani pangu, akalia kama siku tuliyomzika baba yake. "Nizifute hizi fupi, mama? Nizitoe zote?"

"Usifute tena kitu chochote," nikamwambia, nikampapasa nywele mpaka akatulia. Sikumgombeza. Alitaka baba yake apendwe, na kweli amependwa.

Mimi nilibaki na kichwa changu. Nilijiambia, yaliyofutwa kwenye simu hayajafutwa moyoni, Mungu ataniachia. Leo asubuhi nikiwa kwenye sala nilifumba macho nikamsubiri mume wangu aongee, kama nilivyozoea. Akaja. Alikuja kwa haraka, na ile ngoma chini yake.