Maneno ya Amerika

Vijana wa Chama walifika siku ya soko asubuhi, wakamkuta Imalingat amepiga magoti barazani akipuliza karabai iliyoziba. Walikuwa wanne. Mmoja aliiinua meza ya kazi kwa mguu, ikabiruka na kila kilichokuwa juu yake: sindano za kuzibulia, pampu, vioo, chupa ya mafuta ya taa. Redio iliyoning'inia msumarini waliishusha taratibu na kuizungushia koti, maana redio ni mali.

"Nimefanya nini?" Imalingat aliuliza. Alikuwa bado na bisibisi mkononi.

"Utawauliza wenyewe huko."

Walimfunga mikono nyuma kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mkewe, Awor, alikuwa ng'ambo ya barabara na sinia lake la karanga. Alilitua chini, akavuka bila kutazama malori. Alipofika, mumewe alikuwa ameshapandishwa nyuma ya pikapu, amekalishwa juu ya gurudumu la akiba, mguu wake mbovu umejikunja vibaya chini yake.

Okiror, mwenyekiti wa vijana, alisimama kando ya mlango wa dereva. Hakumtazama Imalingat.

"Okiror, mwanangu, kuna nini?"

"Mama Atim, rudi kwa karanga zako. Hii mambo si yako."

Pikapu ikashika njia ya Tororo. Mafuta ya taa yaliendelea kutiririka barazani mpaka yakafika kwenye ngazi.

Hapo Busia watu walimjua Eriya Imalingat kwa mambo mawili: hakuna karabai iliyomshinda, na hakuna habari ya Amerika iliyompita. Alizaliwa Mella, akaingia Keya, jeshi la Waingereza, akiwa kijana, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Alirudi na mguu uliokuwa ukivimba kila mvua ikinyesha, na kinyongo na Wamarekani, ambao aliwaona huko wakifungua barabara milimani.

"Mzungu wao anakula hema hii, mweusi wao anakula hema ile," alikuwa akisema. "Jioni wanakuja kutuuliza sisi kama kwetu tunalala juu ya miti."

Baraza yake ilikuwa karibu na kizuizi cha mpaka, mahali ambapo kila lori husimama. Madereva waliokuwa wakisubiri karatasi zao walikaa hapo. Akiwasha redio, wote walinyamaza. Habari za Nairobi zikiisha aliizima haraka, kuokoa betri, kisha akaanza kuhukumu.

Sheria ya Amerika aliisema hivi: "Wameandika kwamba watu wote ni sawa. Kuandika si kazi. Hata mimi naweza kuandika hapa ukutani kwamba taa zote zinawaka. Wewe leta usiku, tuone."

Vita vya Vietnam alivisema hivi: "Unampiga mkulima wa mpunga kwa ndege. Yeye yuko kwao, atakwenda wapi? Wewe una kwenu, mama yako anakuandikia barua. Sasa nani atachoka kwanza?"

Na siasa yao ndiyo iliyomchosha kabisa. "Watu wale wanamchagua mtu kwa kura, halafu asiyempenda anamwondoa kwa bunduki. Rais wao walimpigia garini. Ndugu yake, hotelini. Yule mchungaji wa weusi, amesimama tu nje ya chumba chake. Mimi nawaambia, rais akipanda gari la wazi, risasi imeshatoka dukani."

Hapo watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu Luke Odwori, aliyefundisha shule ya Lumino na kuja Busia kila Jumamosi, alikuwa akijipiga paja na kuomba arudiwe. Okiror naye, kabla hajawa mwenyekiti wa kitu chochote, alikuwa akiwaleta wageni wake barazani kama mtu anayewaleta dansini.

Awor hakuwa na habari na Amerika. Alizaliwa upande wa Tororo, katika Jopadhola wanaolima karanga na wimbi, na aliona nchi hiyo ni kama ugonjwa wa jirani asiyemjua. Lakini mtu akikaanga karanga hatua chache kutoka kwa mwenye mdomo, mwaka hata mwaka, maneno yanamwingia tu. Aliyajua yote, hata pale ambapo mumewe alikuwa akitua kupumua.

Kisha Desemba ile, usiku wa Ijumaa, rais alipigwa risasi Kampala akitoka kwenye mkutano wa chama. Hakufa. Kesho yake asubuhi askari walijaa kizuizini, wakawa wanapekua hata vikapu vya samaki. Imalingat aliwasha redio, akasikiliza hadi mwisho, akaizima. Watu waliosimama pale walisubiri. Alichukua kitambaa akafuta mikono.

"Mwenye taa alete taa," alisema.

Hakuongeza neno, siku hiyo wala ya pili yake. Siku ya soko wakamchukua.

Awor alianza na Mwalimu Odwori. Alipanda baiskeli ya kukodi mpaka Lumino, akamkuta uani kwake, shule zimefungwa, anachonga mpini wa jembe. Mwalimu alimwona akiwa bado mbali, na Awor aliona kwamba amemwona, kwa sababu aliinama zaidi juu ya mpini ule.

"Karibu, Mama Atim."

"Mwalimu, wamemchukua."

"Nimesikia."

"Wanasema alijua rais atapigwa. Wanasema alitangaza mbele ya watu, kwamba risasi imeshatoka dukani." Awor alikaa chini ingawa hakupewa kiti. "Wewe ulikuwapo. Unajua alikuwa anasema maneno ya Amerika. Twende Tororo uwaambie hivyo tu. Wewe mwalimu, watakusikia."

Odwori aliendelea kuchonga. Ndani mtoto alikuwa analia, na mwanamke akawa anamnyamazisha kwa Kisamia.

"Mama, mimi nilikuwa napita pale kutengeneza taa."

"Ulikuwa unaketi."

"Nilikuwa nasubiri taa." Alisimamisha kisu. "Unaelewa? Nikisema nilimsikia, wataniuliza kwa nini sikwenda kuripoti. Nikisema nilicheka, wataniuliza nilikuwa nacheka nini. Hakuna jibu zuri hapo. Nimetafuta, sikulala usiku. Hakuna."

Mkewe alileta uji. Awor aliunywa kwa sababu ya njaa. Alipoondoka, mwalimu alimsindikiza mpaka kwenye ua, si zaidi ya hapo, akatazama barabara huku na huku kabla ya kumpa mkono.

Kutoka hapo alikwenda Mella, kwa Edeku. Edeku alikuwa chifu, tena wa ukoo mmoja na Imalingat. Walichunga ng'ombe pamoja. Alimpokea vizuri, akamchinjia kuku, akamsikiliza bila kumkatiza.

"Shemeji," alisema Edeku, Awor alipomaliza, "mimi nakuamini. Eriya hawezi kuua hata panya, atahutubia kwanza. Lakini wewe unataka niende nikaseme nini?"

"Kwamba ilikuwa maneno ya Amerika."

"Sasa hivi serikali haitaki kusikia habari ya rais kupigwa risasi. Hata rais wa Amerika. Hata rais wa nyuki. Nikienda kutamka tu maneno hayo mbele ya wakubwa, hata kama namtetea, nimeyatamka." Alimsogezea paja la kuku. "Kula, mulamu, shemeji yangu. Iko hali ya hatari nchi nzima. Mtu anaweza kuwekwa bila kesi. Hakuna hakimu wa kumwambia, hakuna wakili. Ni kusubiri hasira ipoe."

"Hasira ya nani?"

Edeku alifikiri. Alionekana kutaka kumjibu kweli.

"Hiyo ndiyo shida," alisema. "Sijui ni ya nani."

Awor aliporudi Busia alikuta baraza imefagiliwa. Mlango ulikuwa na kufuli jipya, na mafundi wawili walikuwa wanapaka chokaa ukutani. Okiror alikuwa ndani ya kivuli, ameketi kwenye stuli ya Imalingat, anawaelekeza kwa kidole.

"Hii itakuwa ofisi ya vijana," alimwambia kabla hajauliza. "Kwa muda. Usiogope, karanga zako utauza hapa mbele. Nitawaambia wasikusumbue."

"Okiror, wewe ndiye uliyekwenda kusema."

"Mimi nilisema alichosema yeye. Neno moja sikuongeza."

"Hukusema ilikuwa ya Amerika."

"Hawakuniuliza nchi, mama."

Mmoja wa mafundi alicheka, kisha akaona uso wa Okiror, akageukia ukuta wake. Awor alitaka kutukana, akatafuta tusi, akakumbuka kwamba kesho atahitaji mahali pa kutua sinia. Akamwomba Okiror, kwa sauti ya chini, amwambie tu mahali walipompeleka mumewe.

Okiror akamwambia. Hilo lilimgharimu nini?

Lilikuwa ghala la zamani la pamba nje ya mji wa Tororo, ambalo askari wasiovaa sare walilichukua baada ya ile Ijumaa. Awor alifika na chakula kwenye jani la mgomba: viazi, mbuzi kidogo, na karanga za kusaga. Wanawake wengine walikuwa wameketi nje ya seng'enge, kila mmoja na furushi lake, hawasemezani. Uani, nyuma ya ghala, kulikuwa na lori la turubai limewashwa injini.

Mlinzi alimwuliza anamtaka nani. Alipotaja jina, mlinzi akapiga kelele kuelekea ofisini, "Mke wa yule wa Amerika amekuja!" na mtu akajibu kutoka ndani, kwa furaha, "Mlete!"

Walikuwa watatu, wakamkalisha Awor kwenye benchi. Mkubwa wao alikuwa mtu mnene mwenye chupa ya soda. Wa pili alikuwa kijana, amekaa juu ya meza. Wa tatu alikuwa dirishani, amewapa mgongo, anatazama lori.

"Kwa hiyo mumeo anajua sana Amerika," alisema yule mnene.

Awor aliinama mbele. Ni wao waliolitaja kwanza. "Ndiyo, afande! Yote ilikuwa ya Amerika. Hata moja haikuwa ya hapa. Anasikia kwa redio, anasema. Watu wanacheka, wanakwenda kwao. Ni hivyo tu."

"Yeye mwenyewe hataki kutuambia. Tumemwuliza, amekuwa bubu. Anasema nini kwa mfano?"

Awor alijaribu. Alianza na hema za Burma, kwa woga, akichanganya mbele na nyuma. Hawakucheka. Akakumbuka jinsi mumewe alivyokuwa akikunja mdomo, naye akaukunja, akafanya sauti nzito, akasema ile ya mkulima wa mpunga. Kijana wa mezani akatabasamu.

"Na hii ya juzijuzi, ya kwenda mwezini?"

"Alisema..." Awor alikunja tena mdomo. "Alisema wamepanda chombo cha moto, wamevuka mbingu yote, wamefika, wameokota mawe, wamerudi. Mawe! Wangekuja kuniuliza, anasema, ningewapeleka Tororo. Pale iko jiwe moja kubwa kuliko kanisa, na nauli ni baiskeli."

Yule mnene alicheka soda ikamtoka puani. Kijana alijipiga magoti. Kupitia mlangoni lile jiwe la Tororo lilionekana lote, limesimama peke yake juu ya mabati ya mji.

"Nyingine, mama!"

Alitoa nyingine, na nyingine. Uani watu walikuwa wakitembezwa kwenda kwenye lori. Alisikia miguu mingi isiyo na viatu, na sauti ikiita majina. Alitega sikio moja huko. Hakulisikia jina la mumewe, lakini injini ilikuwa inameza majina mengi.

"Afande, naweza kumpa chakula?"

"Utampa. Endelea kwanza."

Maneno ya Imalingat yakaisha. Alitafuta, hakukuwa na lingine. Yule mnene alikuwa ameshaanza kujipangusa macho na kutazama saa, na Awor alijua kwamba wakimaliza kucheka watamtoa nje ya seng'enge, akakae na wale wengine. Hakuwahi katika maisha yake kuwa na maoni juu ya rais yeyote. Akafungua mdomo.

"Alisema pia rais ni kama karanga kwenye kikaango. Usipomgeuza mapema, anaungua, nyumba nzima inanuka."

Hiyo ilizishinda zote. Kijana alishuka mezani akajishika tumbo. Yule mnene alipiga meza kwa kiganja, mara mbili, mara tatu, akisema, "Usipomgeuza! Usipomgeuza!" Na Awor, kwa aibu ambayo baadaye hakuweza kuieleza, alitabasamu.

Mtu wa dirishani aligeuka. Hakuwa amecheka hata mara moja. Alivuta kiti, akakiweka mbele ya Awor, akaketi karibu kabisa, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Rais gani, mama?"

"Wa Amerika, afande."

"Hapo hukusema Amerika."

Kicheko cha wale wawili kilikatika, cha kijana kwanza, kisha cha yule mnene, ambaye aliiweka chupa yake chini polepole. Nje mtu alifunga mlango wa nyuma wa lori na kukaza kamba za turubai.

"Rudia," alisema mtu yule, kwa upole. "Kama ulivyosema mwanzo. Usiongeze kitu."