Nyota ya Mkia Juu ya Kanja

Njiru alimkamata mwalimu Wanjugu kwa kosa la kuvua miwani.

Ilikuwa mwisho wa Aprili, mwaka wa hamsini na saba, katika kimojawapo cha vile vijiji vya dharura upande wa Kanja, ambako serikali ya mkoloni ilikuwa imewabananisha watu kibanda kwa kibanda, wakiwa wamezungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Honi ya kafyu, ya kuwazuia watu kutoka nje usiku, ilikuwa imeshalia. Njiru, homugadi wa makamo, mlinzi wa kijiji upande wa serikali, ambaye wenzake walimtania kwamba bunduki yake ndiyo inayomshikilia asianguke, alikuwa juu ya mnara wa ulinzi alipomwona mwanamke nyuma ya shule, uso wake umeelekea mlimani na msituni. Anavua miwani, anaivaa. Anaivua tena, anaivaa tena. Kila akiivaa, taa ya mnara inametameta kwenye vioo.

Msituni walikuwa wamebaki wapiganaji wachache walioipinga serikali, na Njiru hakuwa mjinga: hiyo ilikuwa ishara. Alishuka ngazi mbio kadiri magoti yalivyomruhusu.

“Unaongea na nani huko, mwalimu?”

“Siongei na mtu, Mzee Njiru. Napima ile nyota.”

Alimwonyesha kwa kidole. Njiru alikuwa ameiona siku kadhaa na akajitia hakuiona, kama kijiji kizima kilivyofanya. Kitu chenye kichwa cha ukungu na mkia uliosimama juu ya bega la mlima si kitu cha kukitolea macho ovyo, hasa nyakati ambazo kila jambo lilikuwa na mtu wa kulijibia.

“Na miwani inahusika vipi?”

“Nyota zingine ni nukta, hii ni ukungu,” akasema Wanjugu, bila haraka, kana kwamba yuko darasani na bunduki ile ni kijiti cha ubao. “Nukta na ukungu haviwezi kulinganishwa. Lakini macho yangu ni mabovu. Nikivua miwani, kila nyota inavimba inakuwa ukungu kama yeye. Hapo natafuta nyota inayolingana naye kwa mwanga, naandika. Watu wanajua mwanga wa zile nyota, kwa hiyo watajua na wake.”

Njiru alisahau kwamba amemkamata. Miaka yote aliyoishi alikuwa amewaona watu wakificha kasoro zao, na huyu hapa ameifanya yake kuwa kipimo cha mbingu. Alicheka peke yake hadi akalazimika kujikohoza.

Hedimani wa kijiji, Ireri, alikubali mwalimu awe anapanda mnarani kila magharibi, Njiru akiwa mlinzi wake. Ireri alikuwa mtu wa kupenda sifa. Alipoambiwa kwamba mwalimu alifundishwa kazi hiyo chuoni na sista mmoja mzungu, na kwamba vipimo vyake vinakwenda ng'ambo kwa wataalamu wanaotafuta njia ya nyota ile, alikohoa na kurekebisha kofia. Kijiji chake kujulikana ng'ambo lilikuwa jambo la kumfaa.

Basi wakawa wanapanda wote wawili. Wanjugu alinyoosha mkono na kupima kwa ngumi nyota iko mbali kiasi gani na wenzake, akachora. Alimweleza Njiru kwamba imetoka mbali mno, mahali ambapo jua lenyewe huonekana nyota tu. Kwamba imekuja, imelizunguka jua, na sasa inarudi ilikotoka ikiacha njiani barafu na vumbi lake. Wataalamu hawakutaka kujua siku zake za kung'aa tu. Walitaka pia jinsi inavyofifia, hatua kwa hatua, hadi macho yashindwe.

“Kufifia ndiko kunasema imeumbwa na nini,” alisema. “Nikiachia katikati, ni kama nimesimulia mgonjwa bila kusema alipona ama alikufa.”

Jioni moja mawingu yalipopasuka, Njiru aliona uzi mwembamba wa mwanga ukitokeza mbele ya kichwa cha nyota, kuelekea jua lilikozama, kinyume kabisa cha mkia. Wanjugu alikodoa macho, akavaa miwani, akapangusa miwani. Hakuuona. Akaandika: “Njiru ameona mwanga mwembamba upande wa jua. Mimi sikuuona.” Njiru alimwomba amsomee mara mbili. Tangu azaliwe hajawahi kuaminiwa hivyo na mtu anayejua kusoma. Usiku ule alimsimulia mkewe, Nelius, mpaka Nelius akamwambia kama anataka kumwoa nyota na amwoe, yeye ana usingizi.

Mei ilipoingia, nyota ilianza kupungua. Na ndipo Ireri alipoamua kuitumia. Alitangaza kwamba ile nyota inakua kwa kuwa serikali inashinda, na wenye kuficha siri za msitu wataona itakavyozidi. Alimwita Wanjugu pembeni, Njiru akisikia.

“Jumapili kwa baraza utawaambia watu inakua. Ukisema hivyo, mnara ni wako mpaka ipotee. Ukisema ingine, honi ikilia unaingia kwa nyumba kama wengine.”

Njiru alijua jinsi mwalimu alivyozihitaji zile jioni zilizobaki. Moyoni alimwombea adanganye, neno moja tu, amalize kazi yake.

Watu walikaa chini, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Ireri akasema, “Mwalimu, tuambie nyota yetu inaendelea namna gani.”

Wanjugu alisimama. Sauti yake ilifika hadi nyuma.

“Inafifia. Mara ya kwanza ililingana na nyota kubwa kabisa za kaskazini. Sasa hata za katikati zinaipita. Inaenda zake. Haikuja kwa sababu yetu, na haiondoki kwa sababu yetu.”

Ireri alitabasamu kwa meno tu, akamgeukia Njiru. “Huyu mama macho yake ni mabovu, yeye mwenyewe anasema. Njiru ndiye macho ya hiki kijiji. Njiru, inakua ama haikui?”

Njiru alifikiria bunduki yake. Alifikiria kipande cha kusafiria kilichomruhusu Nelius kwenda soko la Runyenjes bila kuulizwa, na matuta ambayo wengine walichimba kwa lazima yeye akiwa mnarani kivulini. Alimtazama Nelius, na Nelius akatazama chini. Kisha akamwona Wanjugu bado amesimama, hamwombi kitu.

“Imefifia, Bwana Ireri,” akasema. “Mwalimu amepima sawa.”

Kabla ya jua kuzama walimvua kitambaa cha mkononi cha homugadi na kumnyang'anya bunduki. Honi ilipolia aliingia ndani ya kibanda kama watu wengine. Nelius alimwekea chakula, akageukia ukutani.

Jumatatu Njiru na Nelius walikuwa kwenye matuta, matope hadi magotini. Wanjugu, ambaye sasa alitakiwa kuchimba baada ya masomo, alikuja akasimama kwenye mstari karibu nao.

“Mwalimu,” Njiru akamnong'oneza, “we andika tu jana imefifia kidogo zaidi. Hata kipofu anajua. Nani atakuuliza?”

“Sikuiona, Mzee Njiru. Siwezi kuandika.”

“Sasa utaacha pengo?”

“Mtu akikosa kuona, huandika sababu. Kwingine wanaandika ‘mawingu’.” Alipangusa miwani kwa ncha ya leso, akazidi kuichafua. “Lakini jana mbingu ilikuwa wazi. Nimeandika ‘kafyu’. Na leo nitaandika ‘kafyu’. Mpaka nyota iishe.”

Njiru alilaza jembe chini. “Barua zinafunguliwa huko posta, mwalimu. Watasoma.”

“Wasome. Ni kweli.”

Nelius, ambaye tangu jana alikuwa amenuna, aliinua kichwa akamtazama yule mwanamke mwembamba mwenye vioo vya matope, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akamchukulia jembe mkononi.

“Kaa chini kidogo, mwalimu,” akasema. “Huu mstari wako nitauchimba mimi.”